Mikoko ya Tudor: miche hufa mbele na nyuma, katikati msitu umesitawi. Kwa nini?

mwana_mikindani

Assalaam aleikum wanajukwaa.

Swali ni la msitu wa mikoko wa hori la Tudor, mkono wa bahari ulioingia bara hapa Mombasa, upande wa Mikindani. Mbele ya msitu, maji yakipwa hubaki uwanda mpana wa tope, mtupu, na hapo ndipo miche hupandwa kila masika kwa sababu ndipo penye nafasi. Miche yote ni ya aina moja, ile iitwayo mkoko wenyewe, yenye mbegu ndefu inayochomekwa. Mwezi wa kwanza husimama vizuri. Ukifika wa tatu majani ya chini huwa manjano, na wa sita huwa ni vijiti vyenye magamba meupe kuanzia chini mpaka nusu.

Nyuma ya msitu, kandokando ya barabara ya vumbi, pana kipara kingine. Udongo wake mgumu, juu una unga wa chumvi, na hapo hata kuchipua haichipui.

Baina ya vipara viwili hivyo miti imejaa, mirefu, yenye afya. Hori ni moja na maji ni yale yale. Je, mbegu ndizo mbovu, tope limekufa kwa taka, au tunapanda wakati usiofaa? Naomba majibu ya mtu anayeijua kazi hii, maana jasho la vijana linapotea bure.

Pima_Kwanza

Wa aleikum salaam. Tope halijafa, na mbegu huenda ni nzuri kabisa. Kilichokosewa ni kimo cha ardhi, na kosa hili ndilo linaloua miche mingi kuliko mengine yote kwa pamoja.

Maji ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika kama 50. Siku za bamvua, baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu hushuka mpaka kama mita 1 na kitu. Ukisoma chati ya maji ya Kilindini, yaani jedwali la bandari la kujaa na kupwa, utaona bamvua ya kawaida hujaa kiasi cha mita 3.5 na kupwa karibu na 0.3. Jumlisha, gawa kwa mbili, utapata kama mita 1.9. Huo ndio wastani wa usawa wa bahari hapa kwa kipimo cha chati.

Mikoko huishi nusu ya juu tu ya mwendo huo wa maji, kuanzia juu kidogo ya wastani mpaka pale bamvua kubwa inapolamba. Chini ya wastani ni makao ya tope, nyasi za bahari na kaa. Mlilana, aina mojawapo ya mikoko, peke yake ndio unaothubutu kushuka karibu na wastani wenyewe. Sababu ni pumzi. Chimba tope kiganja kimoja tu, utalikuta jeusi na linanuka yai bovu: humo hamna oksijeni. Mizizi hupata hewa kupitia vitundu vilivyo kwenye magamba yake ya nje, na vitundu hivyo huvuta hewa wakati maji yamepwa tu. Kanuni wanayoifuata wanaorudisha misitu hii ni kwamba mahali pasizame zaidi ya asilimia 30 ya muda wote, yaani kama saa 7 kwa siku ukichukua wastani wa mwezi mzima. Uwanda unaoutaja, nakisia, huzama zaidi ya saa 12. Mche mfupi pale haupati nafasi ya kupumua. Huishi kwa chakula kilichomo ndani ya mbegu, na kikiisha, nao umekwisha. Ndiyo maana miezi 3 ya kwanza hudanganya watu.

Yale magamba meupe ni ushahidi mwingine. Viumbe vile hushika miamba na mashua mahali panapozama kwa muda mrefu. Ukiviona vimeparamia mche mpaka nusu, basi mche umekaa chini mno, huna haja hata ya chati.

Lakini pima, usikisie kama nilivyokisia mimi. Utahitaji fito nne za mita 2.5, tepu, chaki iliyosagwa na kukorogwa na maji kidogo, na chati ya maji. Chagua siku ya bamvua isiyo na upepo mkali. Maji ya bamvua hapa Mombasa hupwa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi jioni, kwa hivyo asubuhi unaweza kuingia topeni kwa miguu. Simika ufito mmoja kwenye uwanda wa mbele, wa pili kwenye miti ya kwanza kabisa ya ukingo, wa tatu katikati ya msitu, wa nne kwenye kipara cha nyuma. Paka kila ufito ile chaki kuanzia chini mpaka juu, iache ikauke. Maji yakijaa yataifuta mpaka yalipofika. Kesho asubuhi rudi na tepu, pima kutoka ardhini mpaka pale chaki inapoanza.

Hesabu yake ni ya kutoa. Ikiwa chati ilisema maji yatajaa mita 3.4 na ufito wa mbele umefutwa mita 1.9, ardhi ya hapo iko kwenye mita 1.5, chini ya wastani. Ikiwa ule wa katikati umefutwa sentimita 80, ardhi yake iko kwenye mita 2.6. Rudia siku tatu mfululizo, kwa sababu wimbi dogo huongeza sentimita kadhaa na chati haijui habari za upepo.

Nakusihi jambo moja: ndani ya hori maji huchelewa kidogo na kimo chake hakilingani sawasawa na cha bandarini. Kwa hivyo chati itumie kwa makadirio, halafu uamini msitu. Kimo cha mche mpya kiwe sawa na kimo cha mti ulio hai wa aina ile ile, hapo hapo Mikindani. Ukikuta tofauti ya sentimita 30 kwenda chini, acha.

Mchu_wa_Nyuma

Pima_Kwanza amemaliza habari ya mbele. Mimi nitasema ya nyuma, maana kule ugonjwa ni mwingine kabisa.

Mbele maji yamezidi, nyuma yamepungua. Ukanda ule wa juu hufikiwa na bamvua tu, pengine mara chache kwa mwezi. Siku za maji mafu hupita wiki nzima bila tone. Jua hukausha, maji yanapaa, chumvi inabaki. Januari mpaka Machi, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, ndipo unga mweupe unapotanda. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Maji yaliyomo kwenye udongo wa kipara kama hicho yanaweza kuwa na mara mbili yake au zaidi, na hapo mkoko hauwezi kuvuta maji hata ukiwa umesimama ndani yake.

Kupima si lazima kifaa cha bei. Chimba shimo la sentimita 30, acha maji yajikusanye, chota nusu lita, chuja kwa kitambaa, chemsha mpaka yakauke, kisha pima chumvi kwa mizani ya jikoni. Ukipata gramu 17 au 18, ni sawa na bahari. Ukipata 35 au zaidi, usipeleke mkoko hapo.

Kila mti una cheo chake. Kutoka majini kwenda bara mpangilio wa kawaida wa pwani yetu ni mlilana, mkoko, muia, mkandaa, halafu mchu. Kikandaa hukaa huko huko juu. Mkomafi na msikundazi hupenda panapoingia maji baridi, kama kule juu ambako mto Kombeni unamwagia horini. Mchu una tabia ya pekee: utaukuta nyuma kwenye chumvi kali na pia mbele karibu na mlilana. Majani yake hutoa chumvi nje. Yalambe asubuhi siku ya jua, utaionja. Kwa hivyo kipara cha nyuma ni cha mchu, na pembeni mwake mkandaa.

Hata hivyo, usikimbilie kupanda hata mchu. Umetaja barabara ya vumbi. Tuta la barabara likijengwa juu ya mkondo wa zamani, maji ya bamvua hayafiki tena, au hufika yakashindwa kutoka. Tembea kandokando siku ya bamvua maji yakijaa. Tazama kama kuna kalvati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, kama imezibwa na taka, kama tako lake limewekwa juu kuliko mkondo. Halafu rudi baada ya siku mbili. Madimbwi yakiwa bado yapo, basi mfereji ndio dawa.

Mfereji ufuate njia ya zamani ya maji. Huonekana kama bonde dogo au mstari wa visiki. Upana wa sentimita 50 mpaka 100 unatosha kwa kipara kidogo. Kina kiishie sawa na mkondo hai unaoungana nao, kisipite, la sivyo bamvua itakuja kwa kasi na kuchimba kingo. Udongo unaotoka usiurundike ukingoni, kwani utakuwa tuta lingine. Utandaze mbali, mwembamba. Baada ya hapo subiri masika moja ipite. Maji ya mvua na ya bamvua yatasafisha chumvi, na mbegu za mchu zitaelea zenyewe na kuingia. Mara nyingi zinajaa kiasi kwamba kupanda kunakuwa kazi ya kuziba mapengo tu. Mimi naona fedha ya miche elfu kumi ingechimba mifereji mingi, na matokeo yangekuwa bora maradufu.

Kusi_na_Kaskazi

Nakubaliana na wenzangu wawili, ila kimo peke yake hakitoshi. Tope pia huhama.

Mahori ya Tudor na Port Reitz ni mabonde ya mito yaliyochimbwa wakati bahari ilipokuwa chini sana, zama za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, ilipopungua kwa zaidi ya mita 100. Bahari ilipopanda ikayajaza. Ndiyo maana ndani kuna utulivu na tope jingi linaloletwa na mito, na ndiyo maana mikoko iko huku na si ufuoni Nyali. Kule Nyali mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi makubwa, lakini yanayobaki bado yanatosha kung'oa mbegu, na mchanga wake haushiki. Matumbawe nayo hayapendi tope wala maji baridi, kwa hivyo mwamba umekatika kwenye midomo ya mahori. Mikoko imepata makao pale pale matumbawe yalipoyakosa.

Tope linaloleta uhai likizidi huua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye hori la Mwache, Port Reitz, na mikoko mingi ikafa imesimama, kwa sababu mizizi ya kupumulia ilifunikwa. Kwa hivyo unapopima kimo, pima pia kama ardhi inapanda au inaliwa. Piga vigingi vinne vya mti mgumu mpaka vishike sana, acha sentimita 50 juu, na upime sehemu iliyo wazi kila baada ya miezi 3. Kama imepungua, yaani tope limepanda, kwa zaidi ya sentimita 5 katika msimu mmoja, ujue huko bara kuna shamba au machimbo yanayomwaga udongo. Tiba yake iko juu mtoni, haiko horini.

Kusi likivuma, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, kingo zinazotazama kusini hupata mawimbi mafupi ya mfululizo. Ukikuta kigingi kimeachwa wazi zaidi na mizizi ya miti ya ukingo inaning'inia, ukingo unaliwa, na hapo mche wowote wa mbele utang'oka hata kimo kikiwa sawa.

Na uwanda wa mbele msiuite mtupu. Maji yakipwa tazameni ndege waliojaa pale, tazameni matundu ya kaa. Mkizi na kamba huingia kula hapo maji yakijaa, kisha hujificha kwenye mizizi ya mikoko. Kama mti ungeweza kuota pale ungekuwa umeota, kwa sababu mbegu zinapita juu yake kila siku. Naomba uwanda ule uachwe ulivyo.

mwana_mikindani

Shukran sana, nimefunguka macho. Mbele tutaacha, na nyuma tutaanza na kalvati. Ipo, na imejaa taka.

Limebaki moja. Katikati ya msitu mna mapengo yaliyokatwa boriti, kama hatua kumi kwa kumi. Visiki vya mkoko bado vinaonekana, kwa hivyo kimo nadhani ni sawa. Kisiki hakichipui. Hapo je, tupande? Kwa namna gani?

Bi_Kitalu

Mwanangu, hapo pandeni. Mkoko ukikatwa chini hauchipui tena kama mchu, hivyo hautajirudisha kwa kisiki. Kabla ya hapo tazameni kama kuna miche iliyojiotea. Ikiwa mmoja kila mita moja au mbili, zungushieni tu watu wasipite, mmemaliza.

Kama hakuna, pengo la mita 10 kwa 10 kwa nafasi ya mita 1 ni miche 100. Kusanyeni mbegu 130. Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapotokeza kwenye tunda. Ukiigusa hutoka bila kuvutwa. Ya kijani isiyo na pete iacheni mtini. Za kuokota chini ni nzuri zikiwa nzito na ncha haijavunjika. Kagueni moja moja: ikiwa na tundu dogo kama la sindano lenye unga, mna mdudu ndani, itupeni mbali. Zinakaa siku tano sita kivulini ndani ya gunia lililoloweshwa maji ya hori. Zisianikwe juani hata nusu saa.

Siku ya kupanda si ya bamvua. Ingieni siku mbili tatu baada ya kilele cha bamvua, maji yakielekea kuwa mafu. Msukumo wa maji hupungua, na mbegu hupata kama wiki moja ya kushika kabla bamvua nyingine haijaja kuitikisa. Mbegu zinazojiotea nazo hufuata utaratibu huo huo: bamvua huzifikisha, maji mafu huzipa muda wa kutia mizizi.

Ncha nyembamba ya kahawia ndiyo inayoingia chini. Chomekeni theluthi moja ya urefu, wima. Tope likiwa gumu tangulizeni tundu kwa kijiti. Ukisukuma kwa nguvu unachubua ngozi na kuoza huanzia hapo. Bonyezeni kando kwa vidole, si kwa kisigino. Pandeni mkirudi nyuma ili msikanyage mlipopanda.

Kaa na tondo, wale konokono wa topeni, ndio wezi wakubwa ndani ya msitu. Tondo hula mbegu na majani, kaa hukata. Msiwaue, matundu ya kaa ndiyo yanayopitishia hewa na maji kwenye lile tope. Mkiona zaidi ya robo zimekatwa mwezi wa kwanza, acheni mbegu, tumieni miche ya kitalu. Tieni tope la juu la msituni kwenye chupa za plastiki zilizokatwa shingo na kutobolewa chini, mzipange kivulini mahali maji ya bamvua yanapofika, na siku za maji mafu mzimwagilie maji ya hori. Baada ya miezi minne mpaka sita, mche ukiwa na majani 6 na shina limekauka rangi ya kahawia, ondoeni kivuli mwezi mmoja uzoee jua, kisha pandeni. Chupa itoke, donge lisivunjike. Msing'oe miche mirefu ya porini kujazia. Mizizi hukatika na hufa kimya kimya.

Kisha hesabuni kila miezi 3, na msiandike "imekufa" tu. Majani ya chini kuwa manjano ni kuzama. Kingo za majani kuungua ni chumvi. Shina kukatwa safi karibu na ardhi ni kaa. Kulala upande mmoja wote kwa pamoja ni wimbi, au ni wapita njia. Mkiandika hivyo, mwaka wa pili mtajua cha kubadilisha.

Misitu hii yote ilitangazwa hifadhi tangu 1932, kwa hivyo hata kupanda au kuchimba mfereji zungumzeni kwanza na Shirika la Huduma za Misitu, Kenya Forest Service, kupitia jumuiya ya msitu ya eneo lenu. Ule mfereji hasa, msiuguse bila wao.

Pima_Kwanza

Nyongeza kwa Bi Kitalu kuhusu yale mapengo. Visiki havitoshi kuthibitisha kimo. Miti ikikatwa mizizi huoza na tope hushuka, wakati mwingine sentimita 10 au 20 kwa miaka kadhaa, na pengo hugeuka dimbwi. Simikeni ufito wa tano ndani ya pengo. Likiwa limeshuka zaidi ya sentimita 15 kuliko msitu unaolizunguka na maji hayatoki yote yakipwa, fungueni kwanza kijia chembamba cha kutolea maji mpaka kwenye mkondo wa karibu, ndipo mpande.

Na alama yenu ya kimo wekeni kwenye jiwe la matumbawe lililo ukingoni, mstari wa rangi ya mafuta, mseme ni mita ngapi kwa chati. Mwakani mtahamisha kimo kutoka hapo kwa mpira mwembamba wa maji kama mafundi wanavyofanya kwenye msingi wa nyumba, bila kungojea bamvua.